"Na tumfanye mtu": Mungu alikuwa akisema na nani?

FundiWaLangoni (Lamu)

Bwana asifiwe wapendwa, na salaamu kwa ndugu Waislamu mnaopita humu.

Mimi ni Mgiriama, Mkristo, nachonga milango hapa Lamu mjini. Katika karakana yetu Wakristo tuko wawili tu, na tunaishi vizuri na wenzetu. Fundi mkuu ni mzee wa Kiamu, ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Juzi tulikuwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wa mlango wa mbambakofi, mpwa wake anayesoma chuo akaja na swali. Alikuwa amesoma Mwanzo sura ya kwanza kwenye simu. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Kaka, nyinyi mwasema Mungu ni mmoja. Hapa asema, 'Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu.' Alikuwa akisema na nani?"

Nikamwambia nilivyofundishwa tangu utotoni: Baba akisema na Mwana na Roho Mtakatifu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza la pili: "Na wale Waisraeli wa kwanza walioisikia aya hii, wao pia walielewa hivyo?"

Hilo la pili ndilo lililonikaa. Nimesoma kila usiku nikitoka kazini na mambo yamezidi kuwa mengi. Aya ya 26 yasema "tumfanye", aya ya 27 yasema "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake", yaani mmoja. Kisha 3:22, "huyu mtu amekuwa kama mmoja wetu". Kisha 11:7 kule Babeli, "na tushuke huko". Kisha Isaya 6:8, "ni nani atakayekwenda kwa ajili yetu?" Karibu mahali pengine pote Mungu asema "mimi".

Sitafuti jibu la kumshinda kijana yule. Nataka jibu ninaloweza kumpa karakanani, na Jumapili nikalirudia mbele ya vijana wa kanisa letu bila kubadilisha hata neno. Nimechoka na mtindo wa kuwa na jibu moja la ndani ya kanisa na jingine la barazani. Anayejua anisaidie.

MwinjilistiHindi

Ndugu, usitikiswe. Aya ya 2 inamtaja Roho wa Mungu akiwa juu ya maji. Yohana 1:3 inasema vyote vilifanyika kwa yeye Neno. Baba yupo, Neno yupo, Roho yupo, sasa "tumfanye" inakupa shida gani? Justin Shahidi, mwalimu wa Kikristo wa karne ya pili, aliitumia aya hii hii alipojadiliana na Myahudi Trypho. Kanisa limeisoma hivi tangu kabla ya mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Mwambie kijana ukweli wote na umwombee.

MamaSabaki (Malindi)

Mwanangu Fundi, swali la pili la kijana huyo ni zuri kuliko majibu mengi niliyosikia. Nimefundisha Agano la Kale kwa wasomaji wa kanisa huku Malindi, na wanafunzi wangu wote huanza na alipoanza Mwinjilisti. Mimi namwamini Mungu Utatu kwa moyo wangu wote. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona imani hiyo ikitundikwa kwenye msumari usioweza kuibeba.

Kwanza tuondoe hoja ya Elohimu, neno la Kiebrania linalotafsiriwa "Mungu", maana lazima kuna atakayeileta. Ni kweli neno hilo lina umbo la wingi. Lakini aya ya kwanza kabisa inalipatia kitenzi cha umoja, "aliziumba". Na Waamuzi 16:23 inatumia neno hilo hilo kwa Dagoni, mungu mmoja wa Wafilisti, wala hakuna aliyesema Dagoni ni watatu. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa ambaye hakuna wa kumshuku kuhusu Utatu, aliikataa hoja hiyo waziwazi katika ufafanuzi wake wa Mwanzo.

Sasa hiyo "tumfanye". Ukitaka kujua Mwisraeli alisikia nini, tafuta mahali pengine Biblia inapotuonyesha Mungu akisema huku wengine wakimsikia. Fungua 1 Wafalme 22:19. Nabii Mikaya anamwambia mfalme Ahabu kwamba alimwona BWANA ameketi katika kiti chake cha enzi, na jeshi lote la mbinguni wamesimama kuume na kushoto kwake. Mungu anauliza nani atakayemdanganya Ahabu. Huyu anasema hivi, huyu vile, mpaka anajitokeza mmoja, naye anatumwa. Lile ni baraza. Nenda Ayubu sura ya 1, wana wa Mungu wanakuja kujihudhurisha mbele za BWANA. Nenda Ayubu 38:7: nchi inapowekewa misingi, wana wa Mungu wanapiga kelele kwa furaha, maana yake walikuwapo. Na Isaya 6 uliyoitaja, wingi wa "kwa ajili yetu" unatoka kwenye kiti cha enzi kilichozungukwa na maserafi. Nabii amekwisha kutuonyesha waliosimama pale kabla Mungu hajasema "yetu".

Kwa hiyo mimi nasoma hivi: Mungu anatangaza shauri lake mbele ya baraza la mbinguni. Si wazo langu la jana. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alisema Mungu alitaka shauri kwa malaika kwa unyenyekevu, ili mkubwa ajifunze kumshirikisha mdogo. Tena akaongeza kwamba atakayeitumia aya hii vibaya ana jibu lake jirani tu, maana hakuandika "wakaumba", aliandika "akaumba". Marabi wa kale wana masimulizi kwamba Musa mwenyewe alipofika hapo alisita, akamwambia Mungu: mbona unawapa wapotoshaji neno la kushikilia? Akaambiwa, andika, anayetaka kukosea na akosee. Unaona basi kwamba swali la kijana wa Lamu liliwasumbua watu waliokwisha kuzeeka na Torati mikononi.

MwanaWaMambrui

Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, naomba nichangie kwa heshima.

Wenzangu wanaolitumia neno hili kuwafanyia Wakristo mzaha huwa nawakataza. Kurani yetu imejaa "Sisi". Katika Sura ya Al-Hijr aya ya 9 Mwenyezi Mungu asema Sisi ndio tulioteremsha Ukumbusho, na Sisi ndio tutakaoulinda. Hakuna Muislamu aliyewahi kuhesabu wawili pale, tumefundishwa kuwa ni wingi wa utukufu. Basi na nyinyi kwa nini msiseme hivyo hivyo, mkamaliza?

Halafu Mama, hilo baraza ulilolitaja si geni kwetu. Al-Baqara aya ya 30, Mola anawaambia malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi, nao wanauliza. Kabla ya Adamu kuumbwa, malaika wamekwisha kuambiwa.

MamaSabaki (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu, na ahsante. Hiyo ya Al-Baqara Fundi aichukue, atakapokaa na kijana wake itawafaa wote wawili.

Kuhusu wingi wa utukufu: katika Kiarabu cha Kurani umekaa mahali pake. Katika Kiebrania cha Biblia mimi siuoni. Farao anamwambia Yusufu "nimekuweka juu ya nchi yote ya Misri", wala hasemi "tumekuweka". Nebukadreza pamoja na majivuno yake yote asema "mimi". Watu huleta barua ya mfalme wa Uajemi katika Ezra 4:18, anapojitaja kwa wingi, lakini mfalme yule alikuwa na maofisa wake. Na Mungu mwenyewe, aya tatu tu mbele, 1:29, asema "nimewapa kila mche utoao mbegu". Sura ya 2:18 anapotaka kumpa Adamu mwenzake asema "nitamfanyia msaidizi". Kama "sisi" ingekuwa ndiyo desturi ya utukufu wake, angeiachaje haraka hivyo? Swali hilo hilo namwachia na Mwinjilisti: kama "tumfanye" ni Utatu wakishauriana, kwa mwanamke wamenyamaza kwa nini?

FundiWaLangoni (Lamu)

Mama, shikamoo, na ahsante sana. Kuna kitu kimoja kinanikwaza. Kama alisema na malaika, basi malaika nao waliumba? Na sisi tuna sura ya malaika?

Nikifikiria kazi yetu napata mwanga kidogo. Asubuhi mzee anatukusanya anasema, "Leo twachonga mfaa." Kisha anakaa yeye na patasi yake. Sisi tunashika taa, tunapuliza vumbi, tunaangalia. Mfaa hakuna anayeugusa isipokuwa yeye, na mwenye nyumba akiulizwa atasema mlango huu kauchonga fulani. Naona kama "tumfanye" na "akaumba" zinakaa hivyo. Nisahihishe.

MamaSabaki (Malindi)

Marahaba. Hapo umefika, ila ondoa hata hiyo taa. Isaya 44:24 BWANA asema anazitandaza mbingu peke yake, na anauliza ni nani aliye pamoja naye. Baraza linasikia tu. Na kwa habari ya sura, aya ya 27 imefunga mlango kwa kurudia: "kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba". Malaika hawamo.

Na naomba msipite hapo mbio. Soma sura nzima kwa sauti. "Iwe nuru." "Nchi na itoe majani." Samaki, ndege, wanyama, vyote vinaitwa kwa amri na vinatokea. Anafika kwa mtu, sauti inabadilika. Kwa mara ya kwanza Mungu anasema nia yake kabla ya kutenda, na mbingu zote zinasikiliza. Katika nchi za kale zile, Misri kwa mfano, aliyeitwa sura ya mungu ni mfalme. Mwanzo inachukua heshima ile inampa kila mtu, "mwanamume na mwanamke aliwaumba". Mchukuzi wa gatini, mama anayeuza viazi karai, mtoto aliyekimbia shule, wote wametangazwa mbele ya malaika. Watu wanagombana juu ya "tumfanye" mpaka neno "mtu" hawalioni, na jambo hilo linaniuma.

MwinjilistiHindi

Mama, nakuheshimu lakini hapa hatutakubaliana. Anayesoma Mwanzo akiwa ameshaijua Injili ya Yohana hawezi kusoma kama hajaijua. Neno alikuwako mwanzo. Kama alikuwako, "tumfanye" inamhusu.

MamaSabaki (Malindi)

Alikuwako, nami nakiri hivyo kila Jumapili. Mkristo akirudi kutoka Yohana 1 akamwona Kristo katika uumbaji, ana haki. Ninachokataa ni kumwambia kijana Muislamu kwamba Mwanzo 1:26 peke yake inathibitisha Utatu. Yeye hajatoka Yohana. Atasoma aya ya 27 hapo hapo na atakuuliza kwa nini umemficha. Anayetaka kujua tumeupata wapi Utatu mpeleke Yohana 1, mpeleke Mathayo 28:19, mweleze bila haya.

FundiWaLangoni (Lamu)

Nimeelewa, na Mungu awabariki wote, pamoja nawe ndugu wa Mambrui. Kijana nimeshamwambia tutakaa leo baada ya swala ya alasiri, yeye aje na Al-Baqara, mimi nije na 1 Wafalme 22. Mzee amesema naye atasikiliza.

Jumapili nitaanza na 1 Wafalme 22 vilevile, halafu ndipo nirudi Mwanzo, na Yohana 1 nitaiweka mwisho peke yake. Mwinjilisti, kama utavuka kuja mjini, karibu uje ulisemee hilo la Yohana wewe mwenyewe. Kipindi cha vijana huwa baada ya ibada ya kwanza.