Tupeane uzoefu: tunawaandaaje vijana wa sekondari kwa msimu ujao wa mbio za nyika?

Mwalimu wa Michezo, Arusha

Ndugu walimu, wazazi na wakimbiaji wa zamani, nawasalimu. Mitihani ya kidato cha nne inapoanza mwezi Novemba, timu nyingi za mbio za nyika za shule zetu huwapoteza vijana wake wakubwa kwa mkupuo, na wale wanaobaki hufunga shule na kutawanyika hadi Januari. Wakirudi, muda uliobaki kabla ya mashindano ni mfupi mno, na baada ya hapo macho yote huelekea UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ya katikati ya mwaka. Kwa maoni yangu msimu ujao unaandaliwa kwenye likizo hii, wakati mwalimu yuko mbali na mwanafunzi yuko kwa bibi yake Rombo, Karatu au Mbulu. Naomba kila mwenye uzoefu atueleze alichofanya katika kipindi hicho na matokeo aliyoyaona.

Nianze na yetu. Timu yangu ya wavulana ina kijana mmoja hodari kweli, lakini mbio za nyika ni mchezo wa timu, na pointi hutolewa kwa nafasi ambayo kila mkimbiaji ameshika. Katika mashindano ya dunia timu hupeleka wakimbiaji sita na wanaohesabiwa ni wanne wa kwanza, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Timu yenye mshindi wa kwanza, kisha wa 20, wa 25 na wa 30, ina pointi 76. Timu ambayo haina nyota yeyote lakini imeshika nafasi ya 8, 11, 14 na 16 ina pointi 49, nayo imeshinda kwa mbali. Kwa sababu hiyo mpango wa likizo nimeuandika nikimfikiria mkimbiaji wa nne na wa tano, yule ambaye akiachwa peke yake nyumbani hukata tamaa mapema.

Kila mmoja anaondoka na karatasi moja ya daftari. Sikuandika muda wala kilometa, kwa kuwa wengi hawana saa, na simu ya nyumbani ni ya mzazi. Nimeandika kwamba siku nyingi za wiki wakimbie kwa kasi ya mchakamchaka, yaani kasi ambayo mtu anaweza kuimba na kuitikia bila kukatika pumzi. Siku moja watafute mwinuko, wapande kwa nguvu kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, washuke wakitembea, kisha warudie mpaka wahisi kwamba safari inayofuata itaharibu mkimbio wao, na hapo wasimame. Siku moja ni ya kupumzika kabisa. Wanafunzi waliofuata mpango wa namna hii likizo iliyopita walirudi wakiwa tayari kwa kazi ngumu, na wenzao walitumia Januari yote kurudisha pumzi.

Mama wa Kibosho

Mwalimu, salaam, na nakushukuru kwa kufungua mjadala huu. Mimi ni mzazi wa binti wa kidato cha pili anayekimbia, na ningependa walimu wafahamu hali ilivyo nyumbani mwezi Desemba. Familia zote zinapanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, nyumba inajaa wageni, na binti ndiye anayeamka kuwasha moto, kuchota maji, kuosha vyombo na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mzigo wa majani aliojitwisha kichwani kutoka bondeni hadi nyumbani ni kazi kubwa ya miguu, na mwalimu anayepanga mazoezi ya jioni bila kuuhesabu anampangia mtoto kazi mara mbili.

Kilichotusaidia ni barua. Mwalimu wake alituandikia wazazi kabla shule haijafungwa, akaeleza kwamba anaomba saa moja tu, mara nne kwa wiki, na kwamba siku ya majani isiwe siku ya mwinuko. Baba yake alipoisoma aliiweka pamoja na ripoti ya masomo, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza binti anakwenda wapi na raba zake asubuhi. Tulikubaliana pia kwamba asikimbie peke yake kwenye njia za migomba na kahawa kabla jua halijachomoza, kwa hiyo alikwenda na binamu yake wa kiume ambaye hakuwa mkimbiaji. Kufikia Januari wote wawili walikuwa wanakimbia.

Mkimbiaji wa zamani, Moshi

Nimeshiriki mbio hizi nikiwa shuleni na sasa nawasaidia vijana wa mtaani kwetu. Ningependa kuzungumzia mambo mawili ambayo naona yanaamua matokeo ya vijana wengi.

La kwanza ni joto. Vijana wa Arusha wamezoea hewa ya mita 1,400 hivi, nao wakishuka Moshi kushindana, mji ambao upo kati ya mita 800 na 900, hudhani kwamba watakimbia kwa urahisi. Mwezi Februari, hata hivyo, jua la Moshi ni kali, na mwili unahitaji kati ya siku 10 na 14 za mazoezi ya taratibu kuzoea joto. Tukumbuke Mombasa mwaka 2007, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalipofanyika jirani zetu hapo: Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa njiani kwa sababu ya joto na unyevu, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kama bingwa yule alielemewa, mtoto wa kidato cha tatu anayetoka Ngaramtoni asubuhi ya siku ya mashindano tunamtazamia nini? Nawashauri walimu wa Arusha wawape vijana wao mazoezi machache mepesi ya saa sita mchana katika wiki mbili za mwisho, wakiwa na maji na chini ya uangalizi.

La pili ni namna ya kuanza. Kila kijana wa mikoa hii amesimuliwa habari za Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch alitangulia tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ni fahari yetu, lakini Bayi alikuwa amejiandaa kwa mtindo ule, na mita 1,500 si sawa na kilometa 8 za wavulana au 6 za wasichana wa chini ya miaka 20. Sasa tuna mfano mwingine wa karibu. Mwezi Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni, Mtanzania Alphonce Simbu alivumilia ndani ya kundi kwa zaidi ya kilometa 40, akatunza nguvu zake, kisha akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti yao ikiwa ni sehemu tatu tu za mia za sekunde, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Ninapowafundisha vijana kuanza, nawaambia wakimbie kwa nguvu ya kutosha kupata nafasi kabla njia haijawa nyembamba, kisha washushe mabega na kutulia mpaka nusu ya safari. Wakati wa kuwapita wenzao ni kwenye kilima cha pili, kwa kuwa wengi huwa wameshatumia kila walichonacho kwenye kile cha kwanza.

Matroni wa bweni

Naomba mtu yeyote asimlaumu msichana aliyepunguza kasi kwamba ni mvivu kabla hajapimwa damu. Wasichana wanaokimbia sana na kula makande na maharage tu bwenini hupungukiwa madini chuma kwa urahisi, na dalili zake ni uchovu usioisha, pumzi kukata kwenye mwinuko mdogo na viganja kupauka. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuyapokea madini hayo, lakini limau au chungwa husaidia. Mabinti wetu nimewaelekeza wanywe chai yao angalau saa moja baada ya kula. Likizoni nafasi ni nzuri zaidi: mnafu upo, dagaa wapo, na katika nyumba za Wachaga mwezi huo mbuzi anachinjwa na kisusio, yaani supu ya mbuzi yenye damu, kinapikwa. Wasichana wapewe sehemu yao, kisiishie kwa wanaume.

Jambo jingine ambalo walimu wa kiume huona haya kuliuliza: binti ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi kadhaa tangu aongeze mazoezi anahitaji kula zaidi na kuonwa na daktari. Mifupa yake inadhoofika, na kumwongezea mbio katika hali hiyo ni kumuumiza.

Mdau wa Majengo

Kuhusu raba, soko la Memorial hapa Moshi lina za mtumba ambazo bado ni imara. Mwenye kununua aipinde soli katikati, aangalie kama kisigino kimelika upande mmoja, na aibonyeze ndani kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, airudishe hata kama inaonekana mpya. Anunue sasa, aizoee likizoni.

Kocha wa Tengeru

Mwalimu, nakubaliana na mpango wako isipokuwa mwanzo wake. Vijana waliokimbia tangu Januari, wakapita UMISSETA, wanatakiwa kupumzika wiki mbili kamili kabla ya kushika karatasi yako, kwa sababu moyo na mapafu huimarika haraka kuliko mifupa, na ndiyo maana kijana anayejisikia ana nguvu nyingi huanza kuumwa ugoko. Maumivu yaliyosambaa kwenye ugoko wote, yanayopungua mwili ukipata joto, huwa tunayatibu kwa kupunguza mazoezi na kuhamia kwenye nyasi. Maumivu ya sehemu moja ndogo inayoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, hasa yakiendelea usiku, ni ya kupeleka hospitali, na kijana asikimbie tena mpaka daktari aseme.

Mwalimu wa Michezo, Arusha

Kocha, nimekuelewa, na wiki hizo mbili nitaziandika juu kabisa ya karatasi. Barua kwa wazazi nitaiandaa wiki hii, na Mama wa Kibosho nitakuomba uisome kabla haijatoka. Kuhusu mazoezi ya joto, nitazungumza kwanza na muuguzi wa shule.

Mkimbiaji wa zamani, Moshi

Wanafunzi watakaokuwa Moshi mjini kati ya Krismasi na kufungua shule, wa shule yoyote, wanakaribishwa kukimbia nasi msitu wa Rau kila Jumamosi saa 12 asubuhi. Njia ni tambarare, ina kivuli na ardhi yake ni laini. Wanaolala mlimani wasishuke kwa miguu. Wapande daladala, na mzazi au ndugu mkubwa aje nao siku ya kwanza.