Tupeane uzoefu: histogramu ilikuingiaje kichwani?

Binti wa Nyegezi (mwanzisha uzi)
Mwangaluka wadau. Jumamosi huwa nakaa na wanafunzi wa kidato cha pili hapa mtaani kwetu Nyegezi, tunajiandaa na upimaji wa taifa. Takwimu wanaipenda. Jedwali la marudio, lile la kuhesabu kila kundi lina wangapi, wanalijaza haraka na mchoro unatoka safi. Lakini ukiwauliza kwa nini nguzo za histogramu, ule mchoro wa vipimo vilivyopangwa kwa makundi, zimegusana, wakati za grafu ya nguzo ya kawaida zimeachana, darasa zima linanyamaza. Atakayejaribu atakwambia, "Ndivyo mwalimu alivyochora."

Naomba walimu, wazazi, na yeyote aliyekutana na mchoro huu kazini atusimulie ulivyomwingia. Maana ya kitabuni tunayo, nataka visa vyenu.

Mwalimu wa Igoma
Dada, mimi huwa nachora michoro miwili ubaoni, yote ya samaki. Wa kwanza ni aina za samaki wanaouzwa soko la Mwaloni: sangara, sato, dagaa, furu. Namwita mwanafunzi mmoja abadilishe mpangilio, aanze na dagaa, amalizie na sangara. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu kati ya sato na dagaa hakuna kitu cha kupima.

Wa pili ni urefu wa sangara peke yao: sentimita 30 hadi 40, 40 hadi 50, 50 hadi 60, na kuendelea. Hapo namwambia abadilishe mpangilio tena. Anashika chaki anasita. Urefu unaendelea bila kukatika, samaki anaweza kuwa na sentimita 49.2 au 50.7. Ukiacha nafasi kati ya nguzo mbili umesema urefu huo hauna samaki hata mmoja. Nafasi kwenye histogramu ni taarifa, inasomeka kuwa sifuri. Tangu nianze na zoezi hili sijahitaji tena kuwakumbusha wagusanishe nguzo.

Kaka wa Mwaloni
Mwalimu amegusa kazi yangu. Nimewahi kusaidia watu wa utafiti wa uvuvi kupima sangara mwaloni. Mmoja anamlaza samaki kwenye ubao wa kupimia, mwingine anaandika. Jioni zile namba zinakuwa histogramu, na wale wataalamu wanaisoma kama mganga anavyosoma kipimo cha damu. Ikiwa na vilele viwili wanashuku vizazi viwili: wadogo waliozaliwa karibuni na wakubwa waliotangulia. Kilele cha wadogo kikionekana tena baada ya miezi kikiwa kimesogea kulia, wanakadiria kasi ya samaki kukua. Na sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa hiyo nguzo zote za kushoto kwa 50 ni habari mbaya, hata kama ziko fupi.

Mwambieni mtoto anayeuliza "hii itanisaidia nini?" aje huku aone.

Mama Wawili, Buhongwa
Shikamooni walimu. Mwanangu alirudi na daftari lina kosa jekundu. Madaraja, yaani makundi, yalikuwa ya alama za mtihani, 41–50, 51–60, 61–70. Yeye akaanza nguzo kwenye 41, akaambiwa aanze 40.5. Hakuelezwa kwa nini. Hiyo nusu inatoka wapi?

Mwalimu wa Igoma
Marahaba mama. Kati ya 50 na 51 kuna nafasi ya moja. Tunaigawa katikati: 50.5 inakuwa mwisho wa daraja la kwanza na mwanzo wa la pili, na nguzo zinakutana. Ndiyo maana kila daraja hapo lina upana wa 10, si 9. Mwambie achukue 50.5 atoe 40.5 mwenyewe, aone.

Karani wa Ukerewe
Naomba niongeze hapo, maana hiyo nusu si ya kila mahali. Nilikuwa karani wa sensa ya 2022, na umri tuliuandika kwa miaka iliyotimia. Mtu wa miaka 14 na miezi 11 ni 14. Kwa hiyo kundi la 10–14 linaanza 10 kamili na kuishia pale mtu anapofikisha 15. Mipaka ni 10 na 15, si 9.5 na 14.5. Mwanafunzi aulize kwanza kipimo kilichukuliwaje: kilikadiriwa kwenda namba iliyo karibu, au kilihesabiwa kilichotimia tu? Jibu hilo ndilo linaloweka mpaka.

Jambo jingine nililoliona kwa macho: wazee wengi hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Sitini, sabini, sitini na tano. Ukichora mwaka mmoja mmoja, nguzo hizo zinaruka juu na jirani zake zinazama. Ukikusanya kwa miaka mitano mitano mchoro unatulia. Watu ni walewale, upana wa daraja tu ndio umebadilika.

Kaka wa Mwaloni
Kweli kabisa karani. Sisi tulisoma sentimita iliyotimia pia. Aliyefika 49.8 aliandikwa 49.

Mtakwimu, Nyamagana
Wote mmesema kweli, lakini kuna jambo naona linaachwa mashuleni na linaniuma: madaraja yasiyolingana upana. Chukueni mfano huu wa wanafunzi 45 na dakika wanazotembea kwenda shule. Dakika 0 hadi 10, wanafunzi 8. 10 hadi 20, 12. 20 hadi 30, 10. Halafu 30 hadi 60, 15.

Ukichora urefu wa nguzo kwa idadi, ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote na ni pana mara tatu. Atakayeangalia ataapa kwamba karibu shule nzima inatoka mbali. Kumbe ni theluthi moja. Gawanya idadi kwa upana wa daraja: 0.8, 1.2, 1.0, 0.5. Hizo ndizo urefu wa nguzo. Sasa ya mwisho imekuwa fupi kuliko zote, na ukizidisha 0.5 kwa upana wa 30 unapata wale wale 15. Kwenye histogramu, watu wamo ndani ya eneo la nguzo. Madaraja yakilingana, urefu na eneo vinakwenda pamoja, ndiyo maana mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuligundua hili.

Mimi namfundisha mpwa wangu apake rangi nguzo kabla ya kusoma chochote. Anaangalia rangi imetapakaa wapi zaidi.

Binti wa Nyegezi
Asante sana kaka, hili la rangi nalichukua. Na modi je, ile thamani inayojitokeza zaidi? Wanakariri fomula tu.

Mwalimu wa Igoma
Wachore. Tuseme nguzo ndefu ni 50.5 hadi 60.5 yenye 14, ya kushoto ina 9, ya kulia 11. Kutoka kona ya juu kushoto ya nguzo ndefu, vuta mstari hadi kona ya juu ya jirani wa kulia pale wanapogusana. Fanya hivyo hivyo kutoka kona ya kulia kwenda kwa jirani wa kushoto. Mistari ikikatana, shuka wima hadi chini: 56.75. Fomula itatoa hiyo hiyo: 14 toa 9 ni 5, 14 toa 11 ni 3, jumla yake 8; basi ni 50.5 jumlisha 5/8 ya upana wa 10. Jirani mrefu anaivuta modi upande wake.

Mama Wawili, Buhongwa
Mwanangu amesoma uzi wote. Anauliza, kwenye mfano wa dakika, wanaotembea zaidi ya 45 ni wangapi?

Mtakwimu, Nyamagana
Swali zuri mno, mpongeze. 45 hadi 60 ni upana wa 15, zidisha kwa 0.5, ni 7.5. Basi aandike "takribani 7 au 8", na aongeze kwamba amechukulia wale 15 wametawanyika sawasawa ndani ya daraja. Mchoro hauonyeshi kama kweli wametawanyika hivyo. Akitaka kujua hasa, arudi kwenye orodha ya dakika za kila mmoja.