Gentleman's Agreement: Mkristo kujifanya Myahudi, ni ushujaa au maigizo tu?

Mleta mada: Wakuu, jana usiku nimeirudia ile ya Elia Kazan ya 1947 iliyochukua Oscar ya filamu bora. Kwa ambao hamjaiona: Gregory Peck ni mwandishi Mkristo anayehamia New York, anapewa na jarida moja kazi ya kuandika kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Anakosa pa kuanzia, mwisho anajitangaza Myahudi aone yatakayompata. Hotelini anamuuliza meneja kama wanabagua, meneja anazungukazunguka tu, hasemi ndiyo wala hapana, na chumba hapati.

Wengi wanaisifia, mimi ina jambo linanikera. Anayejua kwamba akichoka anarudi kwenye Ukristo wake anaonja tu. Rafiki yake Dave ni Myahudi wa kuzaliwa, anatafuta nyumba ya familia yake mpaka anakata tamaa, lakini hadithi si yake. Kwa nini kilio cha Dave kiaminike tu kikitoka kinywani mwa Peck?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umemkodolea macho Peck, mwangalie Kathy mchumba wake. Huyo dada ndiye aliyetoa wazo la makala yenyewe, na kwa kweli hana chuki na mtu. Sasa kumbuka anapokaa na Dave kuelekea mwisho. Anamsimulia kwamba mezani kwenye karamu jamaa mmoja alitoa mzaha mchafu kuhusu Wayahudi, naye roho ikamchafuka. Dave anamuuliza: ukafanya nini? Anaeleza tena alivyoudhika. Dave hamwachii: sawa, ukafanya nini? Hakufanya kitu. Alinyamaza akaendelea kula na wenzake.

Makubaliano ya waungwana yanayotajwa kwenye jina la filamu ndiyo hayo. Hakuna karatasi iliyosainiwa, kuna watu wastaarabu waliokaa kimya. Dave hahitaji kuelezwa ubaguzi. Anayehitaji ni Kathy, na Kathy atamsikiliza Peck.

Mchangiaji wa pili: Mimi aliyenimaliza ni katibu muhtasari wa Peck, Elaine Wales, naye Myahudi. Jina lake halisi ni Walovsky. Aliomba kazi kwenye jarida hilohilo kwa jina lake akanyimwa, akaomba tena kwa jina la Wales akapata. Halafu Peck anapomweleza kwamba sasa wataajiri bila kujali dini, binti anaogopa! Eti watakuja Wayahudi wa hovyo wamwaibishe. Sumu imeshamwingia mwenyewe. Hiyo peke yake ingetosha filamu nzima, nasikitika wameipitia haraka.

Mleta mada: Hoja ya Kathy naipokea, lakini wewe wa pili umenirudisha palepale. Aliyecheza Dave, John Garfield, alikuwa Myahudi kweli, na jina la kuzaliwa ni Garfinkle. Nyota mkubwa kabisa, akakubali nafasi ndogo. Kwa hiyo Hollywood ilikuwa na Elaine Wales wake, tena mbele ya kamera.

Mchangiaji wa kwanza: Na nyuma ya kamera je? Inasimuliwa kwamba baadhi ya wakubwa wa studio waliokuwa Wayahudi walimsihi Darryl Zanuck, mtayarishaji asiye Myahudi, asiiguse mada hiyo, wasije wakachokoza nyuki. Kama wenyewe waliogopa, ulitaka nani aitengeneze mwaka 1947?

Mleta mada: Zanuck sawa. Lakini kamera angeielekeza kwa Garfield.