Kufyatua shata ukiwa mbali na kamera: waya, Bluetooth, simu au triga ya redio?

Lenzi50
Wakuu habari zenu. Nina mirrorless (kamera isiyo na kile kioo cha ndani) na nataka niwe napiga bila kuigusa. Kazi zangu ni mbili tu, nyota usiku na ndege wanaoshuka kunywa maji kwenye beseni, na hapo kwa ndege lazima nikae mbali maana wakiniona hawashuki. Nimesomasoma mpaka nimechanganyikiwa, kuna anayesema rimoti ya waya imeshapitwa na wakati, mwingine anasema simu inatosha usinunue kitu. Nyie mnatumia nini?

Fundi_Waya
Huyo aliyesema waya umepitwa na wakati hajawahi kukesha na nyota. Waya hauna betri, hauombi paswedi, haukatiki mawasiliano. Cheki pini ya rimoti ya milimita 2.5 ya Canon kama R6 au Fujifilm X-T3, utaona imekatwa vipande vitatu kwa vile vipete vyeusi. Kipande cha chini ndo cha pamoja, cha kati ni fokasi, ncha ni shata, lile pazia linalofunguka mwanga uingie. Ukibonyeza nusu rimoti inagusanisha cha chini na cha kati, ukimalizia inagusanisha na ncha, basi, humo ndani hamna ubongo wowote wa kufikiria ndo maana huoni kuchelewa, na ndo maana rimoti ya Canon ya pini hiyo inapiga na kwenye Fuji. Halafu ukiwa kwenye bulb, ile namna ya kuiacha shata wazi muda unaotaka, unasukuma kitufe kinajifunga, unaenda kukaa zako, shata inabaki wazi mpaka ukirudi kukiachia.

Kimya_Kimya
Fundi kwa waya humuwezi 😂 Ila nyota za sekunde 15 au 20 hazihitaji rimoti kabisa mkuu. Weka taima ya sekunde 2, bonyeza, toa mkono, tripodi inatulia yenyewe kabla haijapiga. Na mirrorless nyingi za sasa zina kupiga kwa vipindi humohumo kwenye menyu, unaiambia ipige picha ngapi na iachane muda gani. Rimoti inakuja kuwa lazima ukitaka kuvuka sekunde 30 kwenye kamera ambayo inaishia hapo, ndo unaingia bulb.

Dada_Fremu
Mi natumia Bluetooth na siitupi, ila ni kwa picha za familia na mimi mwenyewe nikiwemo. Lenzi50 angalia umbali kwanza, rimoti za Bluetooth kama BR-E1 ya Canon na RMT-P1BT ya Sony ni kama mita 5, ML-L7 ya Nikon kama mita 10. Kwa ndege hiyo ni kukaa nao meza moja. Kitu kingine kinachosumbua wengi kwenye Canon, rimoti inasoma imeunganishwa, unabonyeza weee haipigi, kumbe hujahamisha namna ya kupiga ukaweka ile alama ya taima na rimoti. Na usimdharau mwenye Bluetooth Fundi, kuna kamera kama Nikon Z50 na Canon M50 hazina hata tundu la huo waya wako.

Fundi_Waya
Hapo kwenye tundu umenipata. Ndo maana kabla ya kununua chochote mtu afungue vile vifuniko vya mpira pembeni ya kamera aone kuna nini, Sony wana tundu lao, Canon kubwa kama R5 zina pini nyingine kabisa ya N3, siyo ile ndogo.

mtazama_ndege
Lenzi50 sikiliza huku kwa ndege. Simu utaipenda siku ya kwanza, unaona picha yote mkononi, unagusa kioo fokasi inaenda pale. Halafu ndege anatua. Unachokiona kwenye simu kimeshachelewa kidogo, na ukibonyeza inachelewa tena, kwa hiyo unabaki na picha nzuri sana ya beseni. Na betri ya kamera inaisha haraka maana skrini na waifai vinafanya kazi muda wote. Kuna na ule uchokozi wa simu, ikigundua waifai ya kamera haina intaneti inarukia data na mawasiliano yanakatika, zima data kabla hujaanza.

Mi nipo kwenye triga ya redio ya 2.4GHz. Kipokezi kinakaa juu pale pa flashi, kinashikiliwa tu pale, kazi yenyewe inapita kwenye kawaya kafupi kanakoingia kwenye tundu la rimoti, kwa hiyo ukiangalia ni waya uleule wa Fundi umerefushwa hewani. Majani hayaizuii kirahisi, inafika makumi ya mita.

Lenzi50
Na zile rimoti za infraredi?

mtazama_ndege
Achana nazo, lazima rimoti na kamera zionane, jua likiwaka inakuwa kiziwi, na kamera nyingi mpya wameshaondoa hicho kipokezi.

Kimya_Kimya
Mtazama umesahau sauti. Hata ukikaa makumi ya mita, kamera yenyewe ipo pua na ndege, ikilia kacha ya kwanza wote wameruka. Tumia shata ya elektroniki, haina kelele, ila ujue kwenye sensa nyingi (kile kipande kinachonasa picha) picha inasomwa mstari kwa mstari, bawa linalopigwa kwa kasi linaweza kutoka limepinda. Zile sensa za kasi kama za Sony A9 au Nikon Z9 (hiyo haina hata shata ya mekanika) hazina shida hiyo sana.

Lenzi50
Ndege wangu wananywa wametulia, kupinda siyo kesi. Tundu la 2.5 ninalo, nimeshafungua kifuniko nikaliona. Kwa hiyo naenda na redio, na usiku nitachomeka waya. Swali la mwisho, nikisubiri muda mrefu kamera ikilala je?

mtazama_ndege
Bonyeza nusu kwenye triga, nyingi zinaamka hapohapo, ila inakula muda kidogo na ndege hasubiri, bora urefushe muda wa kulala kwenye menyu na uwe na betri ya pili. Fokasi weka manyuo (ya mkono), ilenge kwenye ukingo wa beseni wanapotua, usiiache itafute yenyewe itakimbilia majani ya nyuma.

Fundi_Waya
Na hicho kipokezi weka betri mpya, waya wangu hauna habari hizo.