Naomba ushauri: kuwafundisha vijana Marx wa miaka ya chuo

Ndugu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Naandaa mada kwa kidato cha sita kuhusu usomi wa Karl Marx, aliyeanza sheria Bonn mwaka 1835, akahamia Berlin mwaka uliofuata, na mwaka 1841 akatunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Jena bila kufika huko. Barua yake kwa baba ya Novemba 1837, anapoomba radhi kwa mwandiko mbaya kwa kuwa ni karibu saa kumi alfajiri na mshumaa umeteketea, imewagusa sana. Nimekwama kwenye tasnifu yake ya udaktari kuhusu Democritus na Epicurus, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Je, naweza kuieleza kabla ya kumfundisha Hegel, mwanafalsafa Mjerumani aliyemwathiri Marx? Na kule kupinda kwa atomu, yaani wazo la Epicurus kwamba atomu zinapoanguka huacha kidogo mstari ulionyooka, tukuiteje, maana nilijaribu “mchepuko”, lakini mtaani neno hilo lina maana nyingine kabisa?