Mrejesho: ile krimu ya testosteroni sikuipaka

Shoga zangu, niliwauliza mwezi uliopita: nina miaka 52, hedhi imekoma mwaka na nusu, usiku nalowa jasho hadi kanga naikamua, hamu ya tendo la ndoa hakuna. Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, kaniuzia krimu ya wanaume ya testosteroni, ile homoni ya kiume ambayo hata sie wanawake tunayo kidogo. Nipake?

Sikupaka. Niliibeba kwa daktari wa wanawake. Akageuza boksi, akaguna. Dozi ya mwanamke ni kama sehemu moja ya kumi ya dozi ya mwanaume. Ukizidisha unaota ndevu na chunusi, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Kumbe lile joto la usiku ni la estrojeni, homoni ya kike, kushuka! Testosteroni yenyewe hupungua polepole tangu ujanani, haiporomoki hedhi ikikoma. Mwanamke hupewa kwa ajili ya hamu iliyopotea ikamkera, tena baada ya sababu nyingine kuangaliwa. Mie kanianzishia estrojeni, na projesteroni, homoni nyingine ya kike, kulinda kizazi.

Wiki ya tano sasa, kanga naamka nayo kavu. Hamu bado inasuasua, ila mzee karudi chumbani. Alikimbilia sebuleni kwa ajili ya feni yangu. Jirani kagoma kurudisha hela.