Nesi mpya, nianzie leba ama wodi ya kawaida?

Jamani habarini, leseni nishapata, niko Likoni na kuna nafasi mbili, leba na wodi ya wanaume. Moyo wangu uko leba lkn watu wanasema nianze wodi kwanza, nifanyeje?

Jibu: Dadangu ingia leba. Mtoto akitoka tu unampiga mama sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 msulini, mkono tumboni unaskiza kama kizazi kimekaza, damu ikipita mililita 500 unaita watu hapo hapo, utaiva haraka sana.

Jibu: Mi nasema wodi. Presha, sukari, dripu, kujua nani umuone kwanza, hayo utayatumia popote.

Jibu: Uliza usiku mnakuwa manesi wangapi na kama kuna mkubwa wa kukushika mkono, hapo ndo uamue.